Kizingiti Kilichohamia Ravenshaw

Beryl Shorrocks alikubali kuhama mjini kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa na uzito wa mwanamume mzima. Alitaka kwenda na kizingiti chake.

Mumewe, Wilf, alikuwa amejiandaa kwa hoja za kila namna. Alijua ataambiwa habari za kanisa la Methodisti, za duka la pai, za dada mtu anayeishi mtaa wa tatu. Alikuwa na jibu kwa kila moja. Hili hakuliwazia. Aliweka kikombe cha chai mezani, akauliza:

"Kizingiti kipi, binti?"

Alimwita binti tangu walipokutana kwenye dansi ya ukumbi wa kiwanda, na hakuona sababu ya kuacha sasa mkewe alipofika miaka sitini na minne.

"Kwani tunavyo vingapi?"

"Beryl, lile ni jiwe. Limekaliwa na mlango."

"Najua linakaliwa na nini. Nimelipigia magoti tangu nina miaka saba."

Hoja ya Wilf ilikuwa kifua chake. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kuchana pamba tangu alipoacha shule hadi kiwanda kilipofungwa, na vumbi la chumba kile lilikuwa bado limo ndani yake. Akipanda kilima cha mtaa wa Garnet alisimama kila penye taa ya barabarani, akijifanya anatazama madirisha ya watu. Daktari alisema hewa. Ravenshaw kulikuwa na hewa: ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka mjini, malisho yaliyokuwa ya ng'ombe na sasa yamepangwa nyumba ndogo nyeupe za wastaafu, kila moja na kipande chake cha majani. Wilf alikwenda kuitazama mara ya kwanza mwezi wa Mei. Aliona ndege wenye kishungi wakipinduka angani juu ya shamba la jirani, akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyekwisha kutia saini.

Basi jiwe likang'olewa. Vijana waliokuwa wamenunua nyumba hawakujali; walitaka kuweka mlango wa plastiki na sakafu isiyo na kipandio. Graham, mtoto wa kiume wa akina Shorrocks, alikuja na mtaimbo na gari la mizigo. Alipoona upande wa chini wa jiwe ambao haukuwahi kuona jua tangu enzi za mama wa bibi yake, alisema ni kama kumvua nguo mtu mzima. Mama yake alimwambia afunge mdomo na aangalie mgongo wake.

Lilikuwa jiwe la kijivu, refu kama benchi ya watu wawili, limelika katikati kama tandiko la farasi. Mama yake Beryl alilikanyaga akienda kiwandani, na kabla yake mama wa mama. Kila Ijumaa mtaa wa Garnet ulipiga magoti. Wanawake walitoka na ndoo, brashi, na kipande cha gunia cha kukingia magoti, wakasugua vizingiti hadi maji yanayotiririka yawe meupe. Kisha kingo zikapakwa jiwe la punda, yaani kile kipande laini cha unga wa mawe kilichogongwa muhuri wa punda, ambacho mnunua matambara alikitoa kwenye mkokoteni wake badala ya nguo zako kuukuu. Kilikuwako cheupe, cha kahawia na cha rangi ya malai, ya utando wa maziwa. Mtaa wa Garnet ulikuwa mtaa wa malai. Mwanamke mmoja aliyehamia kutoka mbali aliwahi kupaka kahawia, na mpaka anakufa aliitwa Yule wa Kahawia.

Watoto walijua kuruka. Mtoto aliyekanyaga ukingo mbichi alipigwa kofi na mwenye nyumba, kisha akapigwa na mama yake alipofika kwao, na hakuna aliyeona kwamba ni mara mbili. Jioni, wafanyakazi waliporudi wakiwa na nyuzi za pamba nywelini, mstari wa malai ulishuka kilima mlango kwa mlango bila kukatika, na pale ulipokatika mtaa mzima ulijua kuna nini ndani: mgonjwa, au mvivu.

Kama ni mgonjwa, jirani alifanya kizingiti chake pamoja na chako, bila kuombwa na bila kushukuriwa. Kama si mgonjwa, hukukigusa. Kugusa kizingiti cha mwanamke mzima wa afya ilikuwa kumwambia mbele ya watu kwamba wewe ni mchafu na mimi nimechoka kukuona. Nyumba ziliwahi kukosana kwa hilo mpaka wajukuu.

Ravenshaw hakuna vizingiti. Kila nyumba pale ililetwa na malori mawili, nusu na nusu, ikaunganishwa juu ya fremu yenye magurudumu. Magurudumu yamefichwa kwa ukuta mwembamba wa kando ili mtu asahau kwamba yapo. Unaingia kwa ngazi fupi za chuma. Kwa hiyo jiwe la mtaa wa Garnet lililazwa chini, mbele ya ngazi, juu ya mchanga, na ukitoka nyumbani kwa Beryl ulishuka kwanza ndipo ukavuka kizingiti.

"Nyumba ya ajabu," alisema Mavis Tattersall, jirani wa upande wa pili wa njia, siku ya kwanza alipokuja na keki ya tangawizi. "Mlango uko ghorofani, kizingiti kiko bustanini."

"Kimechoka safari," alisema Wilf. "Bado kinapanda."

Mavis alicheka sana. Alikuwa mjane mnene mwenye magoti mabovu, naye alifuma pamba miaka arobaini katika mji wa bonde la pili. Beryl hakucheka. Ijumaa ile alipiga magoti, akasugua, akapaka malai kutoka katika akiba aliyoiweka ndani ya kopo la biskuti, maana mkokoteni wa matambara ulikuwa umekwisha kupotea zamani na mawe ya punda hayatengenezwi tena. Alipoinuka hakuwako wa kumtazama. Nyumba zilikuwa kimya, majani yamekatwa vizuri, na juu ya shamba wale ndege wenye kishungi walikuwa wakilia kama milango isiyotiwa mafuta.

Alimwambia Wilf kwamba mahali pale ni pazuri. Wilf, aliyemjua, alimmiminia chai.

Kosa lilitokea mwezi wa Oktoba. Jumanne asubuhi Beryl alifungua mapazia yake akaona ya Mavis yamefungwa. Saa mbili yamefungwa. Saa tatu yamefungwa. Katika mtaa wa Garnet pazia lililofungwa mchana lilikuwa na maana mbili tu, na ya pili ilihitaji seremala wa jeneza. Jumatano yalikuwa yamefungwa tena, na Alhamisi. Beryl hakuwa mtu wa kugonga mlango wa mgonjwa na kumwamsha. Alitazama bamba la zege chini ya ngazi za Mavis, likiwa na tope na majani yaliyooza, akaona aibu ya mtu mwingine ikimpanda usoni. Ijumaa alipomaliza la kwake alivuka njia na ndoo. Alilisugua lile bamba, akalipaka malai pembe zote nne, akarudi nyumbani na moyo mwepesi kuliko siku yoyote tangu wahame.

Mavis hakuwa mgonjwa. Mavis alikuwa analala. Kwa miaka arobaini king'ora cha kiwanda kilikuwa kimemwamsha kabla ya jogoo, na siku aliyostaafu aliapa kwamba jua halitamwona tena kabla ya saa nne; na tangu baridi ianze, mapazia ya mbele hakujisumbua kuyafungua hata mchana. Saa nne na robo alifungua mlango kuchukua maziwa.

Beryl alikuwa kwenye sinki akiosha vyombo. Alipoinua macho alimwona Mavis ng'ambo ya njia, amesimama kwenye dirisha lake la jikoni, mikono kiunoni, midomo ikifanya kazi. Vioo vya Ravenshaw ni viwili viwili kwa ajili ya baridi na havipitishi sauti. Hilo halikuwa shida. Wanawake wa vyumba vya kufumia walizungumza maisha yao yote juu ya ngurumo za mashine, kwa midomo tu, kila neno likitanuliwa hadi lionekane upande wa pili wa ukumbi. Beryl alikuwa hajasemeshwa hivyo tangu mashine yake iuzwe kwa vyuma chakavu. Kwa sekunde moja alifurahi. Kisha akasoma.

"Nani kakwambia mimi mgonjwa?"

"Mapazia yako," alisema Beryl bila sauti.

"Mapazia yangu yamestaafu, Bi Shorrocks."

"Nilidhani umekufa."

"Ningekufa ningekutumia habari. Umeniita mchafu mbele ya kijiji kizima!"

"Kama palikuwa pasafi, mbona pamebadilika rangi?"

Hilo hakupaswa kulisema. Alilijua likiwa bado midomoni. Upande wa pili Mavis alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema neno moja la chumba cha kufumia ambalo halina nafasi gazetini. Mzee mmoja mstaafu wa posta aliyekuwa akipita njiani na mbwa wake aliwaona wanawake wawili wakiimbiana dirishani, akawapungia mkono wote kwa furaha.

Mchana Mavis alimwaga ndoo ya maji ya moto juu ya bamba lake na kulisugua hadi zege likabaki uchi. Wiki iliyofuata Bwana Pilling alikuja.

Pilling ndiye mwenye Ravenshaw. Baba yake alikamua ng'ombe mahali zilipo nyumba, na mwana bado hutembea kama mtu anayekwepa kinyesi. Alisimama mbele ya jiwe, kofia mkononi.

"Bi Shorrocks, mimi sina ugomvi na jiwe."

"Nalo halina ugomvi na wewe."

"Ila sheria ya hapa ni kwamba kila nyumba iweze kuondoka. Ndiyo maana ya magurudumu. Nikiruhusu jiwe leo, kesho Bwana fulani atanijengea ukuta, na halmashauri watanijia mimi."

"Nyumba gani imeondoka hapa tangu ufungue?"

Pilling alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Nani kakuletea habari?"

Alitazama kofia yake. Beryl alitazama dirisha la Mavis.

"Nakupa mpaka Pasaka," alisema Pilling. "Ardhi ikishakauka nitaleta trekta nikusaidie mwenyewe."

Maneno yalikuja kesho yake, Wilf akiwa amekaa kwenye kiti cha dirishani na darubini mapajani. Beryl alikuwa anakunja nguo kwa nguvu isiyohitajika.

"Kikiondoka, naondoka nacho. Dada ana chumba."

"Na mimi?"

"Wewe una ndege wako."

Wilf alingoja pumzi yake itulie. Mtu aliyemjua alijua kwamba anakusanya hewa ya sentensi ndefu.

"Unajua nilikuwa naijuaje nyumba yetu?" alisema. "Usiku wa moshi wa viwanda, pale ulipokuwa huoni hata mkono wako. Nilikuwa nahesabu milango kwa mguu, na nikifika kwetu natazama chini. Kona yako ya kushoto. Hukuwahi kuifikisha sawa. Mama yako aliifikisha, wewe hukuifikisha. Nikiiona ile kona najua nimefika, naweza kukohoa."

"Kona yangu haina kasoro."

"Hapa nyumba zote sawa, binti. Mwezi wa kwanza niliingia kwa yule mzee wa posta nikavua viatu. Sasa natazama chini." Akapumua tena. "Usiondoke na kona yangu."

Beryl aliendelea kukunja nguo. Jumapili alimwandikia dada yake kwamba chumba kisafishwe kwa ajili ya Pasaka.

Wilf hakuifikia Pasaka. Februari baridi ilikuja na upepo wa mashariki, na kifua kilichostahimili chumba cha pamba hakikustahimili tena. Alikufa saa nane mchana katika kiti kilekile, uso umeelekea shambani. Beryl alikaa naye kidogo. Kisha alifanya alichofanya mama yake na mama wa mama: alizunguka nyumba nzima akifunga mapazia, moja baada ya jingine, huku jua likiwaka nje.

Watu wa Ravenshaw walipita. Waliona mapazia yamefungwa, wakadhani akina Shorrocks wamelala kidogo baada ya chakula. Mtu mmoja tu, aliyekuwa kwenye sinki lake upande wa pili wa njia, aliweka chini sahani aliyokuwa akiisugua, akavua aproni.

Mavis hakugonga mlango siku ile. Alijua hakuwa na haki hiyo. Aliweka pai ya nyama na viazi kwenye ngazi ya chuma, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, akaondoka.

Siku ya mazishi Beryl aliamka mapema. Jeneza lilikuwa limelala sebuleni, maana alikuwa amewaambia wenye kazi yao kwamba Wilf ataondokea nyumbani, ngazi au pasipo ngazi. Alivaa gauni jeusi, akafunga aproni juu yake, akajaza ndoo. Mtu wa mtaa wa Garnet hakuwahi kutolewa juu ya jiwe chafu. Alifungua mlango.

Mavis alikuwa chini pale, amepiga magoti juu ya mto wa kochi, matako yakielekea barabarani, akisugua.

"Ondoka hapo, Bi Tattersall."

"Rudi ndani."

"Kizingiti ni changu."

"Kitakuwa chako kesho. Leo una maiti. Au huko kwenu mfiwa anajisugulia mwenyewe?" Hakuinua kichwa. "Sisi bondeni tulikuwa na adabu."

Beryl alisimama na ndoo yake. Mvuke wa maji ya moto ulipanda katikati yao. Kwenye mkono wa Mavis, uliokuwa mwekundu kwa baridi, palikuwa na kipande kidogo cha rangi ya malai, kimekwisha hadi kulingana na kipande cha biskuti. Muhuri wake ulikuwa umebaki miguu miwili ya nyuma ya punda.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Droo ya soksi. Kilikuwa cha mama. Walipobomoa mtaa wetu ndicho nilichotoka nacho." Akapaka ukingo wa mbele, polepole, mstari mmoja bila kuinua mkono. "Nilidhani sitakuwa na mahali pa kukitumia."

"Kikiisha hutapata kingine."

"Ndiyo maana naomba usinisemeshe."

Beryl aliweka ndoo chini. Alikaa kwenye ngazi ya chuma, jambo ambalo mfiwa hapaswi kulifanya mbele ya watu, lakini mtaa ulikuwa bado umelala.

"Kona ya kushoto umeipitisha sawasawa," alisema.

"Ulitaka niipindishe?"

"Ya kwangu huwa inakwenda nje kidogo. Wilf ndivyo alivyoizoea."

Mavis alitazama kona. Alitazama juu, kwa mara ya kwanza, akaona uso wa mwenzake. Kisha aliichovya brashi, akaifuta ile kona iliyokuwa haina kasoro, akaipaka upya imepinda.

"Namna hii?"

"Zaidi kidogo."

"Namna hii?"

"Hapo."

"Nilimwambia Pilling," alisema Mavis. "Nilikuwa na hasira."

"Najua. Nami kweli nilidhani umekufa."

"Ingia ndani, mpenzi. Utashikwa na baridi, na sina jiwe la kutosha watu wawili."

Wabeba jeneza walipofika walimkuta Bi Tattersall amesimama kando ya jiwe kama askari wa lango. Aliwaambia wakanyage katikati, wasiguse ukingo, na kwamba akiona alama ya kiatu atajua ni ya nani. Walikuwa watu wa mashambani, vijana, hawakuelewa, lakini walitii. Wilf alishuka ngazi za chuma akiwa ameinamishwa kidogo, akavuka kizingiti cha mtaa wa Garnet, na wakati huo njia yote ilikuwa imejaa watu wa Ravenshaw, kofia mikononi.

Baada ya maziko walirudi kunywa chai. Bwana Pilling alikuja nyuma ya wengine, koti jeusi la baba yake likimbana mabegani. Alipofika mlangoni alisimama. Jiwe lilikuwa mbele yake, limekauka, ukingo wake wa malai ukiwa umekamilika toka mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa kona moja. Watu waliokuwa dirishani walimwona akitazama chini kwa muda. Kisha mtu yule mzito alinyanyua mguu, akanyoosha hatua kama mtoto, akaruka.

Pasaka ilikuja na ardhi ikakauka. Trekta halikuja. Dada yake Beryl aliandika kuuliza chumba kinamngojea nani, naye akajibiwa kwamba apangishe.

Beryl Shorrocks bado yuko Ravenshaw, na Ijumaa hupiga magoti, siku hizi juu ya mto wa kochi aliopewa. Kopo la biskuti limekwisha siku nyingi. Anatumia chokaa aliyoikanda mwenyewe na unga wa mchanga, na anasema si kitu kimoja. Bamba la Mavis lina tope na majani, na Beryl hulipita bila kuligusa, ingawa unaweza kuona linavyomuuma. Mavis bado analala mpaka saa nne. Ila pazia la jikoni, lile linaloelekea njiani, huliacha wazi upana wa kiganja, ili mtu wa ng'ambo akiamka aone kuna mtu hai, asije na ndoo.